UZI: Kuchanganya zabibu si kuchakachua. Mvinyo mwekundu wa Côtes du Rhône, kutoka shambani hadi mezani

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani likizo. Shemeji yangu akatukaribisha kwake Kimara chakula cha jioni, nami nikabeba chupa moja ya mvinyo mwekundu wa Côtes du Rhône niliyotoka nayo huku ninakoishi, kusini mwa Ufaransa. Shemeji ni mtu wa kusoma kila kitu kabla hajakigusa. Akageuza chupa, akasoma lebo ya nyuma kwa sauti: Grenache, Syrah, Mourvèdre. Akairudisha mezani polepole. "Kumbe wamechanganya. Sasa shem, hii si imechakachuliwa?" Watu watatu mezani wakaitikia kwa kichwa.

Nilijibu harakaharaka na jibu langu halikumtosheleza mtu, hata mimi mwenyewe. Nimerudi kazini na lile swali bado ninalo. Naomba nilijibu hapa kwa nafasi, maana najua si yeye peke yake anayewaza hivyo.

Na nawaelewa. Kwetu neno kuchanganya limebeba mabaya mengi: petroli iliyotiwa mafuta ya taa, maziwa yaliyotiwa maji, asali iliyotiwa sukari. Mtu akisikia zabibu za aina tatu zimo kwenye chupa moja, picha inayomjia ni ya mfanyabiashara aliyeishiwa zabibu nzuri akajazia na za bei chee. Kwenye bonde la Rhône mambo yako kinyume. Huku mchanganyiko ndio ulioandikwa kwenye kanuni, ndio ufundi wenyewe, na ndio kinga ya mkulima.

Nijitambulishe kidogo. Nimezaliwa Hombolo, Dodoma. Baba alikuwa na ekari mbili za mizabibu, kwa hiyo kupogolea na kupiga salfa dhidi ya ubwiri unga nimevijua kabla ya kujua kuendesha baiskeli. Sasa naishi mkoa wa Vaucluse, na misimu minne ya mavuno nimeifanya kwenye ghala la kutengenezea mvinyo la ushirika wa wakulima, si mbali na mji wa Orange. Nitaeleza niliyoyashika kwa mikono.

Tuanze na ardhi. Mto Rhône unaanzia kwenye barafu ya milima ya Uswisi, unapita Lac Léman (ziwa la Geneva), unashuka Lyon, kisha unateremka moja kwa moja kusini hadi bahari ya Mediterania. Eneo la mvinyo linaanzia karibu na Vienne na kuishia Avignon, kama kilomita 200 hivi. Sehemu ya kaskazini ni nyembamba, milima imesimama wima, na mvinyo mwekundu wa huko hutokana na Syrah. Kusini bonde linafunguka. Kiangazi ni kikali na kikavu, vilima vimejaa vichaka vya zaatari na rozmari, na hewa ni ile ya Mediterania hasa. Sehemu kubwa ya mvinyo unaouzwa kwa jina la Côtes du Rhône hutoka huku kusini.

Halafu kuna upepo. Wanauita mistral. Unatoka kaskazini, unabanwa kati ya safu mbili za milima, na ukifika kwetu unaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Nyumba za zamani za shambani hazina madirisha upande wa kaskazini, na wenyeji wamepanda miberoshi kwa safu kuzuia upepo. Mwaka wangu wa kwanza niliuchukia. Mkulima mmoja mzee akaniambia niende shambani kwake asubuhi baada ya mvua. Nilikwenda saa mbili, vichala vinachuruzika maji. Kufika saa nne mistral umeshavipangusa vyote vikavu. Ukungu haupati pa kushika. Nilifikiria fedha ambazo baba alitumia kila masika kununua dawa.

Lakini upepo huohuo unavunja matawi, na hapo ndipo hadithi ya aina tatu inapoanzia.

Grenache ndiyo mama wa mvinyo wa kusini. Asili yake ni Hispania. Shina lake ni gumu, linasimama bila waya, mistral haumtishi, na ukame anauvumilia. Zabibu zake hujaa sukari, kwa hiyo mvinyo wake ni wa joto, wenye harufu ya matunda mekundu yaliyoiva sana. Upungufu wake: rangi ni hafifu, uchachu ni mdogo, na ukimwacha na hewa anachakaa haraka. Tena ana tabia moja inayowanyima wakulima usingizi. Mvua ya baridi ikimkuta kwenye maua, maua yanapukutika na unabaki na vichala vyenye mapengo.

Syrah anakuja na rangi nzito na harufu kama ya pilipili manga. Matawi yake ni marefu na laini, upepo ukimkuta hajafungwa kwenye waya unamvunja. Anaiva mapema; huyu ndiye tunayeanza naye mavuno mwanzoni mwa Septemba.

Mourvèdre ni wa mwisho katika kila jambo. Anachipua wa mwisho, anaiva wa mwisho, anataka jua kali na udongo usiokauka chini. Anatoa ukakasi na uimara, mvinyo ukae miaka bila kuchoka. Akikosa joto la kutosha anabaki mbichi.

Wapo na wengine, Cinsault na Carignan hasa, ila hawa watatu ndio nguzo.

Sasa angalieni. Mwaka wenye mvua ya Mei, Grenache anapukutika lakini Syrah anabeba. Mwaka wa joto la kupitiliza, Grenache anapandisha kileo mno, unahitaji mwenzake wa kumtuliza. Mkulima wa huku hajui mwaka utakujaje, kwa hiyo anapanda wote, na ghala linapokea wote. Ndivyo baba alivyokuwa akipanda mtama na uwele kwenye shamba moja, na hakuna aliyemwambia amechakachua chakula.

Nitaendelea baadaye nikitoka zamu.

#2 Mdau, Nairobi

Dada, asante kwa uzi. Mimi niko Nairobi na nina swali la moja kwa moja. Hii "dry" ni nini hasa? Nilinunua mvinyo mwekundu mkavu harusini kwa ndugu yangu, ukanishika ulimi na ufizi kama ndizi mbichi. Nikajiambia basi huo ndio ukavu, mimi na mvinyo mkavu tumeachana.

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Nairobi, umetaja vitu viwili tofauti na karibu kila mtu anavichanganya.

Mkavu maana yake ni kwamba sukari imekwisha, basi. Hamira inakula sukari ya zabibu na kutoa kileo na hewa ya kaboni. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kileo. Mvinyo wa asilimia 14 ulianza kama maji ya zabibu yenye sukari karibu gramu 240 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya soda. Hamira ikimaliza, kinachobaki kwenye mvinyo mkavu kwa kawaida ni chini ya gramu 4.

Kilichokushika ufizi ni ukakasi. Ukakasi unatokana na tanini, na tanini zinakaa kwenye maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu. Zimo pia kwenye chai ya rangi iliyochemka mno na kwenye ndizi mbichi kama ulivyosema. Mvinyo mkavu unaweza kuwa na ukakasi mkali au usiwe nao kabisa. Mvinyo mweupe mwingi ni mkavu na hauna ukakasi wa kuusikia.

Na kwa kuwa mtu ataniuliza "uzito wa kati" ni nini, nitumie tui. Ukikamua nazi mara ya kwanza unapata tui zito linalofunika ulimi. Ukikamua mara ya tatu unapata maji yenye harufu ya nazi. Tui la pili ndilo la kupikia: lina ladha, lina mafuta kiasi, halilali mdomoni. Côtes du Rhône ya kawaida ni tui la pili. Inakaa mdomoni, inasikika na chakula, halafu inaondoka.

Uzito huo hautokei wenyewe. Zabibu zikifika ghalani zinaondolewa vikonyo, zinapasuliwa, zinaingia kwenye tangi la zege pamoja na maganda yake. Maganda hupanda juu na kuwa kofia nene, na mara mbili kwa siku tunavuta mvinyo kutoka chini kwa pampu na kuumwaga juu ya kofia ile, ili rangi na ukakasi vishuke. Ukiacha maganda humo siku nyingi na kupampu sana unapata mvinyo mzito wenye kushika ufizi. Ukitoa mapema unapata mwepesi. Bwana ghala wetu, yaani fundi mkuu wa mvinyo, anaonja kila asubuhi kabla ya chai na kusema "leo" au "kesho". Baada ya hapo mvinyo unatolewa, maganda yanakamuliwa, na machicha yake yanapelekwa kiwandani kutoa spiriti.

Jambo moja la usalama kwa wanaotengeneza nyumbani, tafadhali lisomeni. Hewa inayotoka wakati wa kuchacha ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajaa chini, haina harufu na inaua. Kila msimu tunakumbushwa: hakuna kuingiza kichwa kwenye tangi, hakuna kushuka kumwokoa mwenzako bila kifaa cha kupumulia. Chumba chenye mapipa yanayochacha lazima kiwe wazi.

#4 Mkulima, Mpunguzi

Mbukwenyi! Dada wa Hombolo, nimefurahi kukuona humu. Mimi nina ekari moja na nusu ya zabibu aina ya Makutupora hapa Mpunguzi, na jirani yangu ana Syrah kidogo. Nakamua mchuzi wa zabibu (mvinyo ambao bado haujatiwa chupani) mwenyewe tangu msimu uliopita, baada ya mnunuzi mmoja kuniambia vuna, gari linakuja kesho. Gari lilikuja siku ya tatu. Vichala vya chini vilikuwa vinatoa maji, akakata bei nusu.

Swali langu: hao wenzetu wa Ufaransa wamefikaje hapo, mkulima anakuwa na ghala lake na jina linaheshimika? Na hiyo kazi ya kuchanganya mnaifanyaje, kwa macho au kwa kipimo?

#5 Mleta uzi

Mbukwa, kaka. Pole kwa ya gari. Yalimkuta baba pia, na harufu ya tela la zabibu zilizoanza kuchacha juani sijaisahau.

Nianze na jina, kwa sababu jina lenyewe lilipata heshima yake kwenye vita dhidi ya uchakachuaji. Hili nataka shemeji alisome.

Kwenye karne ya 18 mapipa ya mvinyo yalipakiwa kwenye bandari ya mto pale Roquemaure, ng'ambo ya kijiji cha Châteauneuf-du-Pape. Watu walileta mvinyo wa kwingine na kuuza kama wa pale. Mwaka 1737 ikatoka amri ya mfalme kwamba kila pipa lipigwe chapa ya moto, herufi tatu: C.D.R. Jina Côtes du Rhône lilianza kulindwa namna hiyo, kama muhuri kwenye mbao.

Balaa lililofuata ni mdudu. Mwaka 1863, kijiji cha Pujaut, karibu na Roquemaure hapohapo, mizabibu ikaanza kukauka bila sababu ya kuonekana. Miaka mitano baadaye mtaalamu wa mimea Planchon wa Montpellier na wenzake wakamkuta kwenye mizizi: filoksera, mdudu mdogo aliyekuja na miche kutoka Marekani. Aliteketeza sehemu kubwa ya mashamba ya mizabibu ya Ufaransa. Dawa ikawa kubebesha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la Kimarekani ambalo mdudu hamuwezi, na hadi leo karibu kila mzabibu ninaoupogolea una kovu la kubebeshea karibu na ardhi.

Wakati zabibu zimeadimika, ndipo uchakachuaji wa kweli ukashamiri: mvinyo wa zabibu kavu na maji, mvinyo uliojazwa sukari. Mwaka 1907 wakulima wa Languedoc, majirani zetu wa magharibi, walijaa barabarani kwa malaki kudai ulaghai huo ukomeshwe, na serikali ikapitisha sheria mwaka huohuo.

Kule Châteauneuf-du-Pape, kijiji ambacho mapapa wa Avignon walijenga ngome karne ya 14, wakulima wakamtafuta jirani yao mwanasheria, Baron Pierre Le Roy. Mwaka 1923 wakaandika masharti yao wenyewe: mipaka ya ardhi, kiwango cha kileo, namna ya kupogolea, na aina za zabibu zinazoruhusiwa. Orodha ilipothibitishwa kisheria mwaka 1936, unajua ilikuwa na aina ngapi? Kumi na tatu. Watu waliokuwa wakipigana na walaghai usiku na mchana waliketi wakaandika mchanganyiko wa aina 13 kuwa ndio mvinyo halisi wa kwao. Châteauneuf ikapata hadhi ya kisheria mwaka 1936, na Côtes du Rhône mwaka 1937.

Kuhusu ushirika: wakulima wengi wa huku hawana uwezo wa kujenga ghala peke yao, ndiyo maana vijiji vingi vina cave coopérative, yaani ghala la ushirika. Mwanachama analeta zabibu, zinapimwa uzito na sukari mbele yake, na analipwa kwa awamu kadiri mvinyo unavyouzwa. Fedha zinachelewa, na watu wanalalamika mikutanoni, nimeshuhudia sauti zikipanda. Lakini zabibu hazilali kwenye tela. Saa ya kuvuna inapangwa na ghala, kila mtu anajua zamu yake.

Nisikudanganye kwamba huku ni neema tupu. Watu wanakunywa mvinyo mwekundu pungufu kuliko zamani. Mwaka 2023 serikali ya Ufaransa ilitenga hadi euro milioni 200 kuchukua mvinyo uliokosa soko na kuugeuza spiriti, na mwaka 2024 ukaja mpango wa kulipa euro 4,000 kwa hekta kwa mkulima atakayeng'oa mizabibu yake moja kwa moja. Nimeona shamba la Grenache la miaka mingi likisukumwa na trekta, mashina yamerundikwa kama kuni. Mwenye shamba alikuwa amekaa ndani ya gari, hakushuka.

Na nilikuwepo usiku wa baridi wa Aprili 2021. Machipukizi yalikuwa yameshatoka, joto likashuka chini ya sifuri. Watu waliwasha mishumaa mikubwa katikati ya safu, mamia kwa mamia, bonde zima likawa na taa za njano na moshi. Asubuhi machipukizi ya Grenache yalikuwa meusi ukiyagusa yanamong'onyoka. Mourvèdre, yule wa mwisho katika kila jambo, alikuwa bado amelala. Akapona. Msimu ule wenye Mourvèdre waliweza angalau kujaza tangi.

Kuchanganya sasa. Naomba nikueleze siku moja tu, Januari, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa mezani.

Mvinyo wa kila aina ulikuwa umechacha na kutulia kwenye tangi lake. Bwana ghala alitoa sampuli kwenye chupa ndogo, kila moja imeandikwa namba ya tangi kwa kalamu ya nta. Meza nyeupe, glasi, ndoo ya kutemea, silinda ya kupimia ya mililita 100, bomba jembamba la kioo. Hakuna marashi, hakuna sigara, na kahawa ilipigwa marufuku tangu asubuhi.

Tukaanza na Grenache peke yake. Harufu ilikuwa tamu ya tunda lililoiva, mdomoni ikaja kwa nguvu na joto, halafu ikakatika ghafla kama wimbo uliozimwa redio. Akapima 70 za Grenache na 30 za Syrah. Rangi ikakolea palepale, unaona kwa macho. Lakini harufu ya pilipili ikatawala, Grenache akapotea. Akamwaga. Akapima 75 kwa 25. Afadhali, ila mwisho ulikuwa bado mfupi. Ndipo akachukua bomba la kioo, akaongeza mililita tano za Mourvèdre kutoka tangi la pembeni ambalo mimi nililiona kali na la kuchukiza lilipoonjwa peke yake.

Tano tu, wakuu. Nikaonja. Ladha ilienda mbele, ikashika kidogo pembeni ya ulimi, ikabaki. Nilihesabu kimoyomoyo nikafika kumi na mbili bado ninayo. Hapo ndipo niliposhika kazi ya yule wa tatu. Mwisho wakafunga kwenye 70 Grenache, 22 Syrah, 8 Mourvèdre, baada ya saa tatu na majaribio kumi na sita. Nilikuwa naandika.

Kwa hiyo kaka, ni kipimo na ulimi kwa pamoja. Na unaweza kuanza kesho. Chukua mchuzi wako uliotulia na wa jirani yako wa Syrah. Tafuta silinda ya maabara au hata bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano. Anza tisa kwa moja, nane kwa mbili, saba kwa tatu. Andika kila kitu. Usionje baada ya kula pilipili. Na onja tena kesho yake, kwa sababu mchanganyiko unabadilika ukilala.

#6 Mhudumu wa hoteli, Arusha

Mama, shikamoo kama unastahili, maana umenifundisha. Nafanya kazi mgahawa wa hoteli Arusha. Wageni wakiagiza mwekundu tunautoa rafuni kwenye joto la chumba kama tulivyoelekezwa, lakini wengine wanalalamika unachoma kooni. Na hizi lebo zina maneno mengi: mara Villages, mara jina la kijiji peke yake. Naomba msaada.

#7 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu, ingawa bado niko kijana.

"Joto la chumba" lilisemwa zamani na watu waliokuwa na vyumba vya nyuzi 17. Rafu yako mchana inaweza kufika 26, na kwa Dar sisemi. Kwenye joto hilo kileo kinapanda puani na kuchoma, matunda yote yanajificha. Mvinyo huu wa uzito wa kati unafurahisha kwenye nyuzi 15 hadi 17. Weka chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kuutoa. Mgeni akikushangaa mwambie ajaribu kwanza.

Hilo la joto linahusu na safari pia. Nikiwa Dar nilifungua chupa niliyonunua dukani, kizibo kimesukumwa juu kidogo na shingo ina mchirizi unaonata. Ndani harufu ilikuwa ya matunda yaliyopikwa. Mvinyo ule ulichemkia mahali fulani kwenye kontena au dirishani. Ukipokea mzigo, angalia kizibo. Kikiwa kimeinuka, usiupeleke mezani.

Lebo sasa. Côtes du Rhône peke yake ndiyo msingi, inatoka eneo pana. Côtes du Rhône Villages ni vijiji vilivyochaguliwa, masharti magumu zaidi, na vingine vinaruhusiwa kuandika jina la kijiji baada ya neno Villages. Juu kabisa ni vijiji vinavyojitegemea, ambavyo lebo yake ina jina la kijiji tu: Gigondas tangu 1971, Vacqueyras 1990, Vinsobres 2006, Cairanne 2016. Mvinyo mwekundu wa vijiji vyote hivyo ni wa mchanganyiko, Grenache mbele. Vikipanda ngazi vinaongezeka uzito na bei. Kwa chakula cha kila siku mimi bado nanunua ile ya chini kabisa, hapa dukani inapatikana kwa euro sita au saba, na sioni haya kuiweka mbele ya mgeni.

Chakula: huku wanaiweka na kondoo wa kuoka na nyama iliyochemshwa polepole kwa zeituni. Kwenye meza yenu, jaribu na mbuzi choma, hasa ubavu wenye mafuta. Ukakasi unakata mafuta, na moshi unakutana na pilipili ya Syrah. Kachumbari yenye siki nyingi iweke mbali, inaua ladha. Samaki wa kupaka pia hapana, tui na tanini haviungani.

#8 Mdau, Nairobi

Nimejaribu, dada. Nusu saa kwenye friji, mbuzi choma Jumapili. Ufizi haukushikwa. Mke wangu, ambaye hunywa ule mtamu tu, alimaliza glasi na kuuliza kama ipo nyingine.

#9 Mkulima, Mpunguzi

Mbukwenyi tena. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na majibu.

Nilifanya kama ulivyosema, na bomba la sindano la duka la dawa za mifugo, jipya. Makutupora yangu ya msimu huu ina rangi na ina uchachu, lakini nikiimeza inabaki kali mbele ya ulimi, nyuma hakuna kitu. Syrah ya jirani ni laini zaidi. Tisa kwa moja sikuona tofauti. Saba kwa tatu ikawa si yangu wala si yake. Nane kwa mbili nilinyamaza. Nikamwita jirani bila kumwambia ni ipi, akaonyesha ileile. Tukamwita mama watoto, naye vilevile. Kesho yake tukaonja tena, ilikuwa bora kuliko jana.

Sasa tumeelewana na jirani. Mwezi wa nane tukivuna, tunaweka tangi moja la lita mia mbili la nane kwa mbili, kila mtu anatoa kwa kipimo na tunagawana chupa kwa kipimo hichohicho. Kwenye lebo tutaandika aina zote mbili. Naomba uniambie kitu kimoja, dada: tuchanganye zabibu kabla hazijachacha, au kila moja ichache peke yake kwanza?

#10 Mleta uzi

Kila moja peke yake, kaka. Syrah ya jirani haitaiva siku moja na Makutupora yako, na mkivuna pamoja mmoja atakuwa mbichi au mwingine atakuwa ameanza kunyauka. Acheni zichache kila moja kwenye chombo chake, zitulie, mtoe mashapo, ndipo mkae mezani na lile bomba la sindano. Mwaka huo unaweza kutaka saba na nusu kwa mbili na nusu. Nitakuwa huku kwenye mavuno, lakini saa tano usiku kwenu huwa nimeshatoka zamu. Niandikie namba za kila chombo na mlichokisikia mdomoni, tutapima pamoja.

Nimempigia baba Hombolo nikamsomea post yako. Anauliza jirani yako anauza vipandikizi vya Syrah shilingi ngapi.